Chai Nzito ya Baba

Kiharusi kilimwacha baba yangu hai. Glasi ya maji ndiyo iliyokaribia kumwondoa.

Tulimrudisha nyumbani Kasubi kutoka hospitali mchana mmoja wa jua kali. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani kama si wake, na upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka, lakini alitutambua sote na alitaka kuketi kwenye kiti chake cha mbao pale barazani. Mama akamletea maji. Yalikuwa yamechemshwa na kupozwa mtungini, safi kabisa. Baba akapiga funda la kwanza, akakohoa. Akapiga la pili, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mama alimpigapiga mgongoni huku akicheka kidogo kwa furaha ya kuwa naye tena.

"Polepole, Afande," akamwambia. "Hakuna mtu anakunyang'anya."

Mama amemwita baba Afande tangu nilipopata akili. Baba alikuwa polisi, dereva na fundi wa magari yao, Mwislamu kutoka West Nile, kule kaskazini. Mama ni Muganda na Mkatoliki. Walipokutana hapa Kampala hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, wakashikamana na Kiswahili cha kambini, na ndicho walichotulea nacho. Ni Kiswahili ambacho ningekijaza wino mwekundu kama mwanafunzi wangu angekiandika, maana nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari kule Bukoto. Lakini ndicho nilichonyonya.

Juma halijaisha, baba alipata homa. Kifua kilianza kukoroma hata akiwa amekaa. Tulimrudisha hospitali, na daktari akatuambia ni nimonia: maji na chai tulivyokuwa tukimpa vilikuwa vikipotea njia, vikiingia mapafuni. Mama aliposikia hivyo alikaa kwenye benchi la ukumbini akaitazama mikono yake.

"Mimi ndiye nilimpa," akasema. "Na mkono yangu hii."

Nilikaa karibu naye tu, bega kwa bega, mpaka tulipoitwa.

Aliyetuita alikuwa dada mmoja ambaye kazi yake pale hospitali ni kuwafundisha wagonjwa kusema na kumeza upya. Sikujua kwamba kuna kazi kama hiyo. Alitupeleka kwenye chumba kidogo kando ya wadi, akapanga mezani vikombe vitatu, kimoja cha maji, kimoja cha juisi nzito ya embe na kimoja cha asali. Akachukua sinia, akatia tone la kila kimoja kwenye ukingo, kisha akaliinamisha. Maji yalifika chini papo hapo. Juisi ikafuata. Asali ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujikokota.

"Sasa mama, fikiria koo," akasema. "Nyuma ya ulimi kuna njia mbili. Moja ya chakula, moja ya pumzi. Kila ukimeza, njia ya pumzi inajifunga. Yangu na yako inajifunga haraka. Ya mzee sasa hivi inachelewa, tena kidogo tu. Lakini maji hayamngojei. Yanafika kabla mlango haujafungwa."

"Kwa hiyo maji ni mbaya kwake," mama akasema.

"Si mabaya, bambi," akasema, kwa neno la Waganda la kubembeleza. "Yana haraka tu."

Mama hakuonekana kuridhika. Yule dada akamwomba mikono yake, akamlowesha viganja kwa maji na kumwambia avisugue pamoja. Viliteleza. Akavipangusa, akamtilia kijiko cha asali katikati, akamwambia asugue tena. Mama alisugua taratibu, uso umekunjamana kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Inakataa," akasema.

"Ndiyo. Kinywaji chochote kikitiririka, kinakwenda tabaka juu ya tabaka, na hizo tabaka zinasuguana. Za maji zinapita bila kushikana sana. Za asali zinashikana, kila moja inairudisha nyuma nyingine. Huko kukataa ndiko tunakokutaka. Kunampa mzee muda."

Shuleni niliwahi kusoma jambo hilo kwa Kiingereza, katika somo la fizikia, nikalikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau. Katika kamusi yangu ya Kiswahili lipo pia, linaitwa mnato. Nilikuwa nimelipita neno hilo mara nyingi nikielekea kwenye maneno mengine. Siku ile nilimtazama mama akinawa asali viganjani, nikawaza kwamba kumbe watu hufa na kupona kwa ajili yake.

Tulirudi nyumbani na kopo la unga mweupe wa kufanya vinywaji viwe vizito, na kipimo ambacho hakikuhitaji chochote zaidi ya uma wa mezani. Unachovya uma katika kinywaji, unauinua. Kikipita chote katikati ya meno ya uma kama mvua, ni chepesi mno. Kikibaki kimelundikana juu yake na kuchuruzika kidogo kidogo, mzee anaweza kunywa. Nilifunga chumba changu cha Bukoto nikahamia Kasubi, kwenye kitanda nilicholalia nikiwa msichana, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilisimama jikoni na uma mkononi.

Tatizo likawa ni baba mwenyewe. Alikubali supu nzito, alikubali uji. Chai aliikataa.

Chai ya baba ilikuwa na sheria zake. Majani na tangawizi vichemke pamoja na maziwa, ije kwenye kikombe cha bati, moto kiasi cha kuunguza kidole. Sasa mama alimletea kitu cha rangi ileile na harufu ileile ambacho kilikuwa kikitikisika kikombeni. Baba alikitazama muda mrefu.

"Hii nini?" akauliza. Maneno yake siku hizo yalitoka mazito na nusunusu.

"Chai, Afande."

"Hapana. Hii hapana chai." Akakisukuma kikombe kwa mkono wake mzima mpaka ukingoni mwa meza. "Mimi hapana mtoto."

Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na siku iliyofuata. Midomo yake ilianza kukauka na kupasuka. Mama alijaribu kumbembeleza, akajaribu kumkaripia, akajaribu kumwambia kwamba padri wake amemwombea na imamu wa jirani pia amemwombea, kwa hiyo amebaki yeye tu kufanya kazi yake. Baba aligeuza uso kuelekea ukutani. Nilimkuta mama jikoni amekalia kigoda, kikombe kilichokataliwa kikiwa mapajani pake, kimeganda.

"Nikimpa maji, namwua," akaniambia. "Nisipompa, namwua pia. Nifanye nini?"

Jioni hiyo nilikwenda kukaa na baba barazani. Sikuwa na mpango wowote. Boda-boda ya jirani ilikuwa inawashwa uani, inakohoa na kuzimika, na baba aligeuza kichwa kuisikiliza kama alivyozoea kusikiliza injini zote. Nikamwuliza ina nini.

"Oili," akasema. "Inakula oili."

"Kwa nini inakula?"

Alinitazama kuona kama kweli nataka kujua. Kisha akaanza kunieleza, kwa shida, akipumzika kati ya neno na neno, na nikamwacha apumzike. Akasema injini mpya inabana, kila chuma kimekaribiana na mwenzake, kwa hiyo oili nyepesi inatosha, inapenya haraka. Injini iliyofanya kazi miaka mingi vyuma vyake vimesuguana mpaka vikaachana. Nafasi inakuwa kubwa. Ukiitilia oili nyepesi inapitiliza, inaingia isipotakiwa na kuungua.

"Kwa hiyo mnaifanyaje, Baba? Mnaitupa?"

"Kutupa kwa nini?" Alikasirika kidogo, na hasira hiyo ilinifurahisha kuliko chochote alichokuwa amesema tangu augue. "Gari ya serikali hapana tupa. Injini mzee unapea oili mzito."

Boda-boda ikawaka, ikaondoka. Mimi nilikuwa nimeanza kufikiria nitayapangaje maneno yangu, namna ya kumwambia bila kumvunjia heshima, lakini sikuwahi. Baba alikuwa akiutazama mkono wake uliolala. Baadaye akavuta pumzi.

"Yule daktari msichana," akasema. "Alisema koo yangu inachelewa kufunga?"

"Inachelewa kidogo tu, Baba. Chai ikiwa nyepesi inapita kabla."

"Valvu," akasema baba.

"Ndiyo. Kama valvu."

Aliitikia kwa kichwa, si kwangu, ni kama kwa fundi mwenzake aliyekuwa mahali fulani nyuma yangu. Kisha akaita kuelekea jikoni, kwa sauti iliyomponyoka upande mmoja wa mdomo, "Mama watoto! Leta ile oili."

Mama alitoka na kikombe kipya. Hakujua oili gani, na nilipomweleza alicheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya gomesi yake, lile gauni refu la Waganda. Baba alikunywa kile kikombe chote, kijiko kwa kijiko. Hakukohoa. Toka siku hiyo chai nzito nyumbani kwetu inaitwa oili, au kwa ulimi wa mama, "oiri," na baba alirudi kumcheka kwa hiyo r yake ya Kiganda kama alivyomcheka maisha yake yote.

Kopo la unga lilikwisha kabla hatujafikiria litakapopatikana jingine. Nilizunguka maduka ya dawa ya Old Kampala na ya katikati ya mji nikirudi mikono mitupu. Dada wa hospitali, nilipompigia simu, alisema tunaweza kutumia uji wa wimbi tukiwa waangalifu, tupime kwa uma kila mara. Basi mama akaingia kazini. Hapo ndipo tulipojua jinsi uji ulivyo kigeugeu. Ukiwa juu ya jiko ulitiririka vizuri, tukauona mwepesi, tukaongeza unga. Ukipoa kikombeni ulisimama kama ukuta, na baba akauliza kama tunataka kumpiga lipu. Tukajifunza kuupima ukiwa katika joto lile atakalounywea, si jikoni bali pale pale mezani kwake.

Kwa siku kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Kisha kikohozi kikarudi.

Kilikuja kwa namna ya ajabu. Nusu ya kwanza ya kikombe ilishuka bila shida. Nusu ya pili ilimkaba. Mama aliona ni uchovu, maana baba alikula polepole sana, kikombe kimoja kilichukua muda mrefu. Tukampumzisha katikati. Bado alikohoa. Nikaanza kuisikiliza pumzi yake hata nikiwa darasani. Nilisimama mbele ya wanafunzi nikieleza ngeli, na masikio yangu yalikuwa Kasubi.

Jumamosi moja alipoanza kukohoa nilimchukulia kikombe nikakichungulia. Uji uliokuwa umeshika kijiko wima ulikuwa umegeuka majimaji. Nikakimbia jikoni kuangalia sufuria: uji uliobaki mle, uleule, ulikuwa mzito kama tulivyoupika. Nilichovya uma hapa, nikachovya na pale. Mama alisimama nyuma yangu, naye akachungulia.

"Nani ametia maji?" akauliza.

Hakuna aliyetia. Nilimpigia yule dada simu nikamweleza. Akauliza, "Kijiko kikitoka mdomoni kwa mzee, kinarudi kwenye kikombe kilekile?"

"Kinarudi, ndiyo."

"Basi ni mate. Mate yanaanza kuumeng'enya unga hata kabla haujafika tumboni. Kila kijiko kinapeleka mate kikombeni, na mate yanaendelea na kazi yao humo. Uji unakatika."

Nilimweleza mama. Alikaa chini pale pale kwenye kigoda chake.

"Ninyi nyote," akasema. "Nilipowalisha uji, mwisho wa bakuli ilikuwa maji. Kila mmoja wenu. Nikadhani wimbi ya Kampala ni mbaya." Akatikisa kichwa, akaanza kutabasamu. "Kumbe mlikuwa mnapika kwa mdomo."

Tangu siku hiyo uji wa baba ulibaki kwenye chombo chenye kifuniko, tukimmiminia kidogo kidogo kwenye kikombe kingine, kiasi cha vijiko vichache, na kikombe hicho kikisafishwa kabla ya kumiminiwa tena. Kikohozi kilipungua. Lakini mama alianza kuuogopa uji. Alikuwa akiuchungulia kila saa kama mtu aliyewahi kusalitiwa.

Aliyetutoa hapo ni jirani yetu Mkongo. Ni mwanamke wa makamo kutoka Bukavu anayeuza mboga mbele ya nyumba yake, na kwa kuwa sisi ni miongoni mwa watu wachache mtaani wanaoongea Kiswahili nyumbani, alizoea kuja kukaa kwetu jioni. Baba alimwita jirani huyo "mama", naye alimwita baba "Papa". Siku moja alikuja na fungu la bamia.

"Papa, leo nimekuletea hii. Kwetu mgonjwa tunamupikiaka bamia. Inashuka yenyewe."

Uso wa baba ulichangamka. Bamia ni chakula cha nyumbani kwao kaskazini. Alikua akiila. Mama, ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi kuupenda ule utelezi, aliipika na karanga za kusaga kama mama mkwe wake alivyomfundisha, kisha akaisaga laini bila punje. Nilichovya uma wangu. Ilining'inia katika nyuzi ndefu ikishuka bila haraka. Baba alikula, na nusu ya pili ya bakuli ikawa sawa na ya kwanza. Nilikaa nikiliangalia lile bakuli kwa muda. Halikugeuka maji.

Nilimwuliza dada wa hospitali. Akasema utelezi wa bamia si kitu kimoja na wanga wa uji, mate hayauvunji kwa urahisi namna ile, na tulipompelekea baba kwa ajili ya kuangaliwa alimjaribu mwenyewe, akamwekea vidole kooni kwa nje huku baba akimeza, akaridhika. "Mmenifundisha mapishi," akasema. Mama alianza kuloweka bamia zilizokatwakatwa, kuzichuja kwa kitambaa na kuchanganya ule utelezi kwenye juisi ya pasheni. Baba alisema ladha yake ni ya majani ya ng'ombe. Alikunywa.

Miezi ilipita hivyo. Mkono wa baba uliamka kidogo, vidole viwili kwanza. Maneno yake yakanyooka. Kila tulipokwenda kliniki yule dada alimpunguzia uzito wa kinywaji hatua moja, na mimi nikajifunza kuona tofauti hizo kwa jicho tu, kutoka kwenye mshuko wa tone ukingoni mwa kijiko. Jambo moja baba alikuwa akiliulizia kila mara, kwa adabu, akiwa ameshika kofia mapajani: maji. Maji matupu. Na kila mara aliambiwa bado.

Ruhusa ilikuja karibu na mwisho wa Ramadhani. Baba hakuwa anafunga, alikwisha kukatazwa, lakini kila magharibi alivaa kanzu na kuketi mezani kungoja adhana pamoja na wenzake wasioonekana. Dada alisema: asafishwe kinywa vizuri kwanza, akae wima, kidevu chini, kijiko kidogo kimoja, kisha mngoje.

Mama ndiye aliyefanya. Alimswakisha meno kama anavyoswakishwa mtoto, akamfuta midomo, akammiminia maji kutoka mtungini kwenye kikombe cha bati. Adhana ikatoka msikiti wa jirani. Mama akafanya ishara ya msalaba haraka haraka kifuani, kwa mazoea, na baba akasema bismillahi, na kijiko kikaenda.

Alimeza. Tukangoja. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza bila kujua. Baba alifumba macho, na koo lake likapanda na kushuka tena, peke yake, kama lilikuwa linatafuta kama kumebaki kitu.

"Sema kitu," mama akamwambia. "Yule dada alisema lazima useme, tusikie sauti kama ina maji."

Baba alifumbua macho.

"Mama watoto," akasema, na sauti ilikuwa kavu, safi, "nimekuchosha sana."

Mama aliweka kijiko mezani, akakaa, akaweka mkono wake juu ya ule mkono mbovu wa baba. Vile vidole viwili vikageuka vikamshika.

Kisha baba akaomba kijiko kingine. Mama akakataa, kwamba dada amesema kimoja. Baba akasema yule dada hakusema kimoja kwa siku, alisema kimoja kwa kila mara, na hii ni mara nyingine. Mama akasema mara nyingine ni kesho. Wakaendelea hivyo, sauti zikipanda, kila mmoja na Kiswahili chake kibovu, mimi nikikusanya vyombo na kuvipeleka jikoni, bila haraka yoyote ya kuwaamua.